Tabora hadi Kigoma kwa ndege ndogo: mwongozo kamili wa rubani asiye wa biashara

Simu ilikuja saa tano usiku. "Shemeji, mama mdogo wa Ujiji amefariki. Anazikwa kesho baada ya adhuhuri. Kwa basi hatuwahi, tunakutegemea wewe." Nikajibu "sawa, alfajiri tunaondoka" kabla hata sijafungua dirisha kutazama anga. Ilikuwa Agosti, msimu wa mioto ya misitu. Asubuhi tulipokaribia mabwawa ya Malagarasi, moshi ulikuwa umeziba mbele yetu kama pazia. Niligeuza. Dada mmoja kiti cha nyuma alilia njia nzima hadi Tabora, na mazishi yakafanyika bila sisi.

Kugeuza kulikuwa sahihi, na leo ningegeuza tena. Kosa langu lilitokea saa tano usiku kwenye simu: niliahidi jambo ambalo rubani hana uwezo wa kuliahidi. Tangu siku ile nimeamini kwamba hatari kubwa kwa sisi tunaorusha kwa mapenzi, si kwa mshahara, huanzia kwa watu tunaowapenda na wanaotutegemea. Injini na mawingu hufuata baadaye. Rubani wa shirika ana kampuni, ana msimamizi, ana kitabu cha taratibu kinachomwambia leo hapana. Wewe una shemeji. Kwa hiyo lazima ujiandikie kitabu chako mwenyewe ukiwa umetulia, kisha ukitii siku ambayo hujatulia. Mwongozo huu unafuata safari moja, Tabora kwenda Kigoma na kurudi, ndani ya Cessna 172, kwa urukaji wa kuona kwa macho. Ukirusha kwingine, badilisha majina na namba. Kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Andika mipaka yako kabla hujaombwa safari

Chukua karatasi. Kanuni za kimataifa zinamruhusu rubani anayeruka kwa macho kuruka chini ya futi 10,000 akiwa anaona mbele kilomita 5. Kilomita 5 kwa mwendo wa noti 105, yaani maili za anga 105 kwa saa, kama kilomita 195, ni chini ya dakika mbili. Juu ya msitu wa miombo, ambao kwa saa nzima unafanana na wenyewe, mimi naona huo ni mpaka wa mtu mwingine. Karatasi yangu inasema kilomita 10, na mawingu yasiwe chini ya futi 3,000 juu ya ardhi. Upepo wa kukata njia usizidi noti 10, ingawa ndege inaweza zaidi. Nisiwe nje ya mazoezi: kama sijaruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90, sibebi mtu hadi nizunguke uwanja peke yangu kwanza.

Weka tarehe na saini, kisha mpe nakala mtu mmoja nyumbani. Mimi nilimpa mke wangu. Usiku wa simu kama ile yeye huuliza swali moja tu: "Karatasi inasemaje?"

Kwenye karatasi hiyohiyo andika jibu lako la simu. Langu ni hili: "Poleni sana. Nitaangalia hali ya hewa saa kumi na moja alfajiri, kisha nitawaambia kama inawezekana. Kateni tiketi ya basi pia." Ile sentensi ya mwisho ndiyo inayookoa. Abiria mwenye tiketi ya basi mfukoni hakubani, nawe ukigeuza hujamfungia mtu njia.

Na suala la fedha lieleweke mapema. Leseni ya rubani binafsi haikuruhusu kubeba watu kwa malipo. Msibani watu huchanga kwa moyo mzuri, na mtu atakuwekea bahasha mkononi bila nia mbaya. Irudishe kwa heshima. Zaidi ya sheria, ukishapokea hela umeshajiona una deni la kufika.

Hatua ya 2: Jipime wewe kwanza

Hapa Tabora na Kigoma jambo la kwanza ni malaria. Mtu hunywa dozi ya mseto siku tatu, homa inashuka, anajiona mzima. Udhaifu na kizunguzungu vinaweza kubaki siku kadhaa baada ya hapo. Usiruke ukiwa kwenye dozi, na baada ya dozi ongea na daktari kabla ya kuruka. La pili ni vidonge vya mafua. Piriton inaonekana dawa ya kawaida ya dukani, lakini inalaza, na usingizi wake unaweza kukukuta futi 8,500 jua likikupiga usoni. Pua iliyoziba nayo hairuhusu masikio kufunguka wakati wa kushuka. Maumivu yake hukuondolea akili kwenye kutua.

Pombe: kanuni nyingi duniani husema saa 8 kati ya glasi na usukani. Mimi naweka siku nzima. Wanzuki hatuujui nguvu zake kwa kipimo. Kila pipa lina tabia yake.

Halafu kuna jambo ambalo vipimo vya afya havilioni, nalo ni huzuni. Kama marehemu ni mama yako mwenyewe, usirushe. Panda kama abiria au panda basi. Nimewahi kuruka siku mbili baada ya kuzika, nikasahau kufungua tangi la pili, mimi ambaye sijawahi kusahau. Injini haikuzima, nililiona kabla. Lakini nililiona kwa bahati.

Hatua ya 3: Hesabu mafuta, na ikubali hesabu ikikataa

Tabora hadi Kigoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 350, yaani maili za anga 189. Ndege yetu inatembea noti 105 na kunywa lita 32 kwa saa. Kwenda ni saa moja na dakika 48, lita 58. Upepo wa kanda hii kwa sehemu kubwa ya kiangazi unatoka mashariki, kwa hiyo ukienda Kigoma unakusukuma. Usiuhesabu. Ukiupata ni zawadi. Ila wakati wa kurudi uhesabu wote: noti 15 usoni zinakushusha hadi noti 90, safari inakuwa saa mbili na dakika sita, lita 67. Kuwasha, kutembea uwanjani na kupanda mara mbili, weka lita 10. Jumla ni lita 135.

Kanuni ya kawaida ya mchana inataka akiba ya dakika 30. Mimi nataka saa nzima, lita 32, kwa sababu kiwanja cha Kigoma kikifungwa na dhoruba au na ndege iliyopasuka tairi katikati ya njia, kiwanja cha akili kinachofuata ni Mpanda, zaidi ya kilomita 220 kusini-mashariki. Sasa tuko lita 167. Matangi ya kawaida ya Cessna 172 yanatoa karibu lita 150 zinazotumika. Pungufu ni lita 17.

Hapo ndipo rubani anapoanza kujadiliana na namba. "Labda upepo hautakuwa noti 15." "Labda nusu saa ya akiba inatosha." Namba zimeshasema: huwezi kwenda na kurudi bila kuongeza mafuta. Basi piga simu Kigoma siku moja kabla, uhakikishe kuna petroli ya ndege yenyewe, Avgas, si mafuta ya ndege za jeti, na kwamba mtu wa kuijaza atakuwepo. Usikubali jibu la "hayakosi". Uliza yapo mangapi, kwenye pipa lililofunguliwa lini.

Ukijaziwa kutoka kwenye pipa, tumia chujio lako mwenyewe na ulaze pipa limeinama kidogo kabla ya kupampu, maji na uchafu vikae upande mmoja. Avgas 100LL ni ya bluu. Mafuta ya jeti hayana rangi au ni ya manjano hafifu sana. Baada ya kujaza subiri dakika kumi na tano, kisha chota sampuli kwenye kila valvu ya chini. Maji yakiwemo yatakaa chini kama shanga. Usiku wenye unyevu wa ziwa, tangi lililoachwa nusu hutengeneza maji lenyewe, kwa hiyo chota tena asubuhi hata kama jana ulichota.

Hatua ya 4: Mizani

Cessna 172 ina viti vinne, lakini watu wazima wanne na matangi yaliyojaa kwa kawaida haviendi pamoja. Ongeza desturi zetu: hakuna anayetoka Tabora kwenda kwa ndugu mikono mitupu. Dumu la lita 20 la asali lina uzito wa kama kilo 28, kwa sababu lita moja ya asali inakaribia kilo 1.4. Dumu hilohilo likijaa mawese wakati wa kurudi ni kilo 18. Watu hupima kwa macho, wanaona madumu mawili sawa. Mawili ya asali na kiroba cha mchele cha kilo 25 ni sawa na kumbeba mtu mzima wa tano.

Weka mizani kwenye hanga. Pima kila kitu, pamoja na mikoba ya kina mama, na pima watu wenyewe bila kuona haya. Waambie ndege inauliza, si wewe. Mzigo mzito ukikaa nyuma kabisa, pua inakuwa nyepesi na bawa likiacha kubeba hutaweza kuirudisha chini. Funga mzigo kwa wavu. Na dagaa wakavu waingie kwenye ndoo yenye mfuniko.

Hatua ya 5: Ondoka mapema, kwa sababu Tabora mchana si Tabora ya asubuhi

Uwanja wa Tabora uko karibu futi 3,870 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo hewa ya kawaida ya vitabu ni nyuzi 7. Oktoba saa nane mchana kipimajoto kinasoma 32. Kila nyuzi moja juu ya ile ya vitabu inaongeza kama futi 120 kwenye mwinuko ambao injini na mabawa vinauhisi. Nyuzi 25 za ziada ni futi 3,000: ndege yako inaruka kana kwamba uwanja uko futi 6,800. Injini isiyo na turbo hapo imeshapoteza karibu moja ya tano ya nguvu, pangaboi linashika hewa nyembamba, na kasi yako halisi juu ya ardhi ni kubwa kuliko saa ya kasi inavyosema. Utakimbia mbali zaidi na kupanda polepole zaidi, vyote kwa pamoja. Saa moja asubuhi nyuzi zikiwa 17, uwanja uleule unahisi futi 5,000. Futi 1,800 za tofauti unazipata bure kwa kuamka mapema.

Kigoma uko chini zaidi, karibu futi 2,700, lakini kwa nyuzi 30 nao unahisi futi 5,000 na zaidi. Tafuta umbali wa kuruka kwenye kitabu cha ndege yako, kisha ongeza nusu yake. Kitabu kiliandikwa na injini mpya na rubani wa kiwandani. Kwenye uwanja wa udongo wenye nyasi ongeza tena. Na chagua alama pembeni ya njia, mti au taa: kama hapo hujafikisha asilimia 70 ya kasi ya kunyanyua, ukiwa nusu ya urefu wa njia, funga mafuta, kanyaga breki, rudi. Usijadiliane.

Neno kuhusu saa. Mtu wa Kigoma akikwambia "hali itaharibika saa nane", ni saa nane ya mchana, 14:00. Taarifa ya hali ya hewa inaandika 1100, kwa sababu anga lote linatumia saa ya dunia, saa tatu nyuma yetu. Saa ya mkononi inaonyesha 2. Hizo ni saa tatu tofauti kwa tukio moja. Nimeona mpango wa safari ulioandikwa 0730 ukimaanisha saa za hapa. Kila saa unayopokea kwa simu irudie kwa maneno: "asubuhi au usiku? Ya Kiswahili?" Kisha igeuze na kuiandika kwa namna moja tu.

Hatua ya 6: Hali ya hewa, na moshi ambao hauko kwenye ramani

Soma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, jioni na alfajiri. Halafu piga simu. Kati ya Tabora na Kigoma kuna Urambo, Kaliua na Uvinza, na kila mahali kuna mtu anayeweza kutoka nje akatazama. Usimuulize "hali ya hewa ikoje?" Atajibu "nzuri". Uliza kitu anachoweza kukiona: "Shikamoo mzee. Ule mlima au mnara wa simu ulio mbali unauona? Mawingu yamefunika vilele?" Mzee wa Uvinza aliyezoea kuniambia kama vilima vinaonekana ameniokoa safari nyingi.

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, adui ni mawingu marefu ya alasiri. Asubuhi huwa meupe na madogo. Kufikia saa nane yamekuwa minara. Kaa nayo mbali kilomita 35 au zaidi, na usipite chini yake hata ukiona mwanga upande wa pili. Upepo unaomwagika kutoka kwenye wingu la radi unashuka haraka kuliko ndege hii inavyoweza kupanda. Kiangazi adui ni moshi. Wafugaji na wakulima wanachoma, mabani ya tumbaku yanafuka, wachoma mkaa wako kazini. Moshi hauna kingo kama wingu. Unaingia humo polepole, chini bado unaona miti wima chini ya tumbo la ndege, unajidanganya kwamba unaona. Mbele huoni, na mstari wa upeo umeshafutika.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilijaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutazama vyombo vya ndege pekee. Waliwekwa kwenye hali ya kutoona nje. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Jambo ambalo watu hawalisimulii ni sehemu ya pili: walipofundishwa mbinu rahisi ya kugeuza nyuzi 180 kwa vyombo, karibu wote walifanikiwa kutoka. Basi jifunze hiyo na mwalimu, macho yamezibwa, kila miezi sita. Mabawa sawa, vuta pumzi, nyuzi 15 za kuinama tu, dakika moja na zaidi kidogo, urudi kule ulikotoka ambako ulikuwa unaona. Na uianze kabla moshi haujakufunika.

Chagua pia mahali pa kuamua. Kwangu ni Kaliua. Nikiwa juu ya Kaliua bila kuona kilomita 10 mbele, narudi Tabora. Sisemi "tusogee kidogo tuone".

Hatua ya 7: Kagua ndege kwa mikono

Ukaguzi wa kawaida unaujua. Fuata orodha ya ndege yako. Nasema mawili tu ya kwetu. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanaweza kuziba mrija wa pito, unaopokea hewa ya kupimia kasi, kwa siku chache, na matundu ya kupumulia ya matangi vilevile. Pito ikiziba, saa ya kasi inasema uongo. Februari 6, 1996, ndege kubwa ya abiria iliyotoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ilianguka baharini na watu wote 189 wakafa. Saa ya kasi ya rubani mkuu ilikuwa imekosea, inaaminika kwa pito iliyoziba, na wachunguzi waliwashuku nyigu wa aina hiyo. Vifuniko vyenye utepe mwekundu ni vya lazima kila ndege inapolala. Wakati wa kukimbia kuruka, tazama saa ya kasi: kama haijaamka ndani ya sekunde chache, simama.

La pili ni nyuki. Tabora ni nchi ya asali, na kundi linalohama linaweza kutua kwenye bawa au kuingia ndani ya kifuniko cha injini. Usiwashe injini kuwafukuza. Mwite mfuga nyuki, na uahirishe.

Hatua ya 8: Ongea na abiria kabla ya kufunga mlango

Hii ndiyo hatua niliyoikosa siku ile. Waweke kwenye kivuli cha bawa, waliokuzidi umri kwanza, useme waziwazi:

"Wazee wangu na ndugu zangu, naomba mnisikilize. Tunaelekea Kigoma, lakini naweza kugeuza wakati wowote. Nikigeuza sitaomba kura. Tukirudi hapa wazima, safari imefanikiwa."

Waambie namna ya kufungua mkanda na mlango, waguse wenyewe. Waambie wasinisemeshe wakati wa kuruka na kutua, isipokuwa wakiona ndege nyingine au moto. Mpe wa kiti cha mbele kazi ya kutafuta ndege na tai. Mtu mwenye kazi haogopi sana. Mifuko ya kutapikia iwe mkononi, maana baada ya saa nne asubuhi joto la ardhi hurusha ndege hii kama daladala kwenye barabara ya vumbi.

Hatua ya 9: Kuruka, na ile dakika ya kwanza

Kabla ya kusukuma mafuta, sema kwa sauti utakachofanya injini ikizima. "Chini ya futi 1,000 juu ya ardhi sigeuki, natua mbele, nyuzi 30 kushoto au kulia." Marubani wengi wamekufa wakijaribu kurudi kwenye njia waliyotoka: wanainamisha bawa sana, wanavuta pua, bawa linaacha kubeba, na hakuna urefu wa kulirudisha. Ndege inayogusa miti midogo mabawa yakiwa sawa na ikienda polepole ina nafasi kubwa ya kuacha watu wake hai. Tembea kwa miguu siku moja mbele ya kila njia ya kuruka unayoitumia, ujue kuna nini: shamba la mihogo, korongo, nyaya za umeme.

Angalia mwewe, hasa kama kuna dampo karibu. Ukikutana na ndege wa angani panda juu, kwa kuwa wao mara nyingi hujitupa chini.

Hatua ya 10: Njiani

Kwenda magharibi kanuni inakupa futi 6,500 au 8,500. Chukua 8,500. Injini ikizima, Cessna 172 inateleza kama maili moja na nusu ya anga kwa kila futi 1,000. Juu ya ardhi ya Tabora, 8,500 ni futi 4,600 za kuchezea, kama kilomita 13 kila upande. Kwa 6,500 zinabaki kilomita 7. Hizo kilomita 6 za ziada ndizo zinazokufikisha barabarani au kwenye majaruba ya mpunga badala ya katikati ya miombo.

Usifuate mstari ulionyooka wa kifaa. Fuata Reli ya Kati: Urambo, Kaliua, vuka Malagarasi, Uvinza. Kilomita zinaongezeka kidogo, zihesabu kwenye mafuta. Relini kuna vijiji, watu, njia ya kutokea. Kila dakika tano jiulize: ikizima sasa hivi, naenda wapi? Jibu liwe kidole, "pale". Ukikosa jibu, sogea. Tableti ikianikwa juani inapata joto na kujizima. Ramani ya karatasi iwe gotini, na andika saa uliyopita kila kituo.

Injini ikizima kweli: kasi ya kuteleza kwanza, takriban noti 65, kisha uwanja, kisha ndipo utafute sababu: tangi jingine, mchanganyiko wa mafuta na hewa, joto la kabureta. Kabureta huweza kuganda barafu hata siku ya nyuzi 25 kama hewa ina unyevu, hasa ukishusha nguvu kuelekea ziwani. Kisha redio: kama huna mawasiliano na mwongoza ndege, masafa ya dharura 121.5, na transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, uiweke 7700, namba ya dharura. Mlango ufunguliwe kidogo kabla ya kugusa chini ili usibanwe. Kama unalazimika kutua kwenye miti, tazama mizinga. Magogo ya nyuki yananing'inia kwa wingi kwenye miombo ya huku, na kuyapasua ni kuongeza dhiki juu ya dhiki.

Hatua ya 11: Kigoma na ziwa

Ziwa Tanganyika ni kina cha zaidi ya mita 1,400, na upana wake wa kawaida ni kama kilomita 50. Ukiwa futi 8,500 una futi 6,000 hivi juu ya maji, yaani kilomita 16 za kuteleza. Katikati ya ziwa hufiki pwani yoyote. Kaa karibu na ufuo. Ukitaka kuwaonyesha wageni Gombe au ufuo wa Mahale, tazama kutoka upande wa nchi kavu. Mahale kilele cha Nkungwe kina mita 2,462, zaidi ya futi 8,000, na upepo ukivuka mgongo ule unashuka kwa nguvu upande wa pili. Kumbuka pia kwamba ng'ambo ni Kongo na kaskazini ni Burundi. Mpaka hauna alama angani.

Jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kufika ziwani. Chini ya kiti halina faida. Lisijazwe hewa ndani ya ndege, kwa sababu maji yakiingia litakubandika kwenye dari. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia Bukoba katika hali mbaya ya hewa; kati ya watu 43, 19 walifariki. Wavuvi na mitumbwi yao ndio waliofika kwanza. Kwa hiyo ukilazimika kutua majini, tua karibu na mitumbwi, sambamba na mawimbi, si kuyakabili.

Kigoma jua huzama kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na wageni hudhani wana muda. Likishazama, mwanga wa kuonea ni dakika ishirini na kitu. Baada ya hapo wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao, mamia juu ya maji meusi, na usiku usio na mwezi huwezi kujua zipi ni taa na zipi ni nyota. Akili inachora upeo pasipo na upeo. Uwe umeshafunga ndege kwa kamba saa moja kabla ya jua kuzama.

Upepo wa ziwa hugeuka ghafla asubuhi ikielekea mchana. Ukiwa kwenye mstari wa mwisho wa kutua na kasi au urefu haujakaa sawa futi 300 juu ya ardhi, sukuma mafuta, zunguka tena. Kwenye viwanja vya udongo pita juu kwanza mara moja uone mbuzi, bodaboda na watoto.

Hatua ya 12: Mtu wa chini

Mpango rasmi wa safari uwasilishe. Juu yake, mwachie mtu mmoja mwenye akili tulivu karatasi yenye njia, idadi ya watu, rangi ya ndege, saa ya kufika, na saa ya kupiga kelele. Yangu ni dakika 45 baada ya muda wa kufika. Mpe namba za kupiga, kwa mpangilio. Kwenye ndege kiwepo kisambaza ishara cha dharura cha megahezi 406 ambacho betri yake haijaisha muda, lita 3 za maji kwa kila mtu, kioo cha kuashiria, kiberiti, panga, chandarua, dawa za majeraha, filimbi. Ukitua porini, baki na ndege. Ndege inaonekana kutoka angani. Mtu mmoja chini ya miombo haonekani.

Kurudi

Kurudi ndiko kunakodanganya. Umechoka, umekula migebuka, kazi Jumatatu, upepo uko usoni, na njia unaijua. Rudia hatua zote tangu ya pili. Kama saa tano asubuhi imepita na mawingu yameanza kuinuka, lala Kigoma. Nauli ya gesti ipo kwenye bajeti yangu ya kila safari, iliyotengwa kama mafuta, ili usiku wa ziada usionekane hasara.

Ukitua Tabora, funga mpango wa safari, mpigie mtu wa chini, rudisha vifuniko vya pito kabla ya kushusha mizigo. Kisha kaa peke yako dakika tano na daftari, uandike kilichokushtua, hata kama hakuna aliyekiona. Langu lina mstari wa Oktoba: "Kigoma, upepo uligeuka nikiwa futi 200, nilitua kwa shida, nilipaswa kuzunguka." Nilipokwenda tena mwezi uliofuata, upepo nilimuuliza mwongoza ndege mara mbili, na mara ya pili nilizunguka.